Jicho la Stoo

"Umeitwa kuzima hiyo taa, hukuitwa kunihoji!"

"Na mimi sizimi taa nisiyojua inalilia nini. Mtoto akilia, kaka, unamziba mdomo?"

"Maneno mengi, na kifungo cha ovaroli kimekushinda kushona! Tazama kifua chako, kama kibanda kisicho na mlango."

Testa alicheka, akapapasa mahali kifungo kilipokatika. Ndugu hawa walikuwa hivyo tangu utotoni, wanagombana huku wanacheka. Lakini alasiri ile kaka hakucheka. Yeye alikuwa msimamizi wa karakana ya kushona sare, na dada yake alikuwa fundi umeme. Jina la Testa alilipata kwa ile bisibisi ya kupimia umeme isiyobanduka sikioni mwake. Kesho yake wakaguzi wangekuja, na kaka aliapa kwamba wakiikuta taa nyekundu inamulika, kibarua chake kimeota nyasi.

Taa hiyo ilikuwa kwenye kontrola, kisanduku cha ukutani kinachoendesha taa za vyumba vyote. Kila chumba kina jicho lake darini. Jicho likiona mtu, taa za chumba zinawaka, akitoka, zinazimika. Pakiwa na tatizo, taa nyekundu ya chumba hicho humulika kwa mafungu. Mara mbili, balbu imeungua. Mara tatu, nyaya zimegusana. Mara nne, mlango umefungwa kwa nje na jicho linaona mtu ndani.

Taa ya stoo ilikuwa ikimulika mara nne.

"Stoo mna nini?" Testa aliuliza.

"Nyuzi na vyerehani vibovu. Jicho limeharibika tu, mama. Litoe." Kaka alimrushia ufunguo kwa mbali, kama mtu anayemtupia mbwa mkali mfupa.

Stoo haikuwa na dirisha. Paa la bati lilikuwa chini, na joto lilimpiga Testa usoni kama mvuke wa sufuria. Alipima nyaya, zikawa nzima. Balbu ilikuwa nzima pia. Alipogeuka kutoka, aliona upande wa ndani wa mlango umepakwa rangi mpya. Chini ya rangi palikuwa na mikwaruzo, mingi, myembamba, usawa wa kifua cha mtu.

Mafundi wana kipimo cha kubadilishana. Unachukua kifaa unachokishuku, unakiweka mahali pazima, na kizima unakileta palipo na tatizo. Tatizo likihama na kifaa, kifaa ndicho kigonjwa. Testa alibadilisha jicho la stoo na la chumba cha vifungo, akienda na kurudi na ngazi begani. Washonaji walikuwa wametoka kunywa chai ya jioni. Kisha akafunga milango yote miwili kwa nje, akarudi kwenye kontrola.

Stoo ilikuwa kimya. Chumba cha vifungo kilimulika mara nne.

"Si nilisema?" kaka alishangilia. "Jicho bovu hilo!" Akashusha pumzi kama aliyetua gunia, akaondoka kwenda kwake mapema, akiimba.

Testa alilitoa jicho lile, akalitia mkobani, akaweka jipya. Alikuwa anakunja waya wake pale mama mpiga pasi aliporudi. Mama huyu alikuwa mtu mzima, mchache wa maneno. Aliutazama mlango wa stoo, kisha akamsogelea sikioni.

"Mwanangu, hawajakuambia?"

"Nini, mama?"

"Binti aliyekuwa akishona vifungo. Mwezi uliopita aliingia stoo kuchukua nyuzi. Kaka yako akafunga bila kuchungulia. Vyerehani vinalia, nani atamsikia? Taa ile ikamulika tangu asubuhi. Kaka yako akasema ni hitilafu. Akaifunika kwa kitambaa."

Testa aliacha kukunja waya.

"Jioni ndipo tukafungua, tukamkuta keshakufa," mama alinong'ona. "Tukaambiwa tuseme alikuwa mgonjwa." Akautazama tena mlango wa stoo. "Ulipokuwa unahamisha hayo macho, mlango wa stoo uliufunga?"

"Niliuacha wazi. Nilikuwa napita na ngazi."

Mama alichukua pasi yake, akaenda kukaa karibu na wenzake.

Hapo ndipo Testa alipoelewa. Kipimo cha kubadilishana kina kasoro moja. Kinaamini kwamba kilichomo chumbani hakitembei. Jicho halikuwa bovu. Halikuwa bovu hata siku moja.

Alikimbilia kontrola. Stoo, kimya. Chumba cha vifungo, kimya. Vyumba vyote kimya. Wahenga hawakukosea, kimya kingi kina mshindo.

Alifunga mkoba, akatoka kumfuata kaka kwake.

Jua lilikuwa linazama. Mtaa wa kuelekea kwa kaka aliufungia yeye mwenyewe taa za milangoni, zenye macho kama yale ya karakana. Alipita mbele ya kinyozi, taa ikawaka. Akavuka, ikazimika. Kisha ikawaka tena.

Hakugeuka.

Duka la dawa. Ikawaka. Ikazimika. Ikawaka.

Alitembea haraka. Akakimbia. Nyuma yake, taa moja moja.

Alipofika kwa kaka alibisha kwa ngumi, mkono mwingine ukishika kifua kilichokuwa kikidunda. Vidole vyake vikagusa kitu cha duara. Aliinamisha kichwa. Kifungo cha ovaroli kilikuwa mahali pake, kimeshonwa vizuri, kwa mkono uliozoea. Uzi haukukatwa. Ulining'inia mrefu, ukapita chini ya kwapa, ukaelekea nyuma yake, na ulikuwa umevutika.

Alitaka kupiga kelele mlango usifunguliwe.

Komeo likalia. Aliyefungua alikuwa mtoto wa kaka, yule mdogo, mwenye adabu kuliko wote. Alimtazama shangazi yake, kisha akatazama nyuma ya bega lake, akatabasamu.

"Shikamoo shangazi. Karibu na wewe, dada. Baba yumo ndani."