Gari Limeingia Kimya

Kwenye soko la vipuri asubuhi ile watu walikuwa wanapigana vikumbo, kila mmoja na chuma chake mkononi, na Fundi alikuwa amefuata kebo tu. Hakufuata mwanamume. Lakini kwenye kibanda cha pembeni alimkuta kaka mmoja wa shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, amekumbatia kabureta chakavu kama mtu aliyeokota mtoto, huku muuzaji akimwapia kwamba inaingia gari lolote duniani.

"Kaka, unaibiwa," Fundi alisema.

"Samahani, dada?"

"Hiyo ni ya pampu ya maji."

Muuzaji alimtolea macho. "Wewe binti, una nini na riziki yangu?"

Fundi hakumjali. "Ni gari gani?"

"Spoti ya marehemu baba. Ya zamani, viti viwili. Injini imepasuka, na spea zake hakuna tena."

"Injini imepasuka, wewe unatafuta kabureta? Mgonjwa kakatika kichwa, unamnunulia miwani?"

Yule kaka alicheka mpaka akairudisha kabureta mezani. "Mimi ni daktari wa meno, dada. Ya magari siyajui."

"Basi nitakuita Meno," Fundi alisema, na moyo wake ukafanya ujinga wake palepale, katikati ya makelele.

Kazi ya Fundi ilikuwa kuyageuza magari ya petroli yatembee kwa umeme. Gari la Meno lilivutwa kwa kamba mpaka gereji kwake, la kijani, jembamba, boneti ndefu, zuri la kumfanya mtu apunguze sauti. Akalizunguka, akalipapasa, akamwambia atakachofanya: injini, tangi na bomba la moshi vitoke, mota ifungwe kwenye giaboksi ileile, betri nusu mbele nusu kwenye buti.

"Litatembea?"

"Litakutoa machozi."

"Basi fanya. Ninachotaka ni mama yangu alione linaingia getini. Tangu liharibike hana raha."

Hapo ndipo Fundi angeuliza raha gani hiyo, na hapo ndipo Meno angefungua mdomo. Lakini yeye alikuwa anautazama mdomo wenyewe, na Meno alikuwa anatazama jinsi alivyofunga kitambaa kichwani. Injini ikatolewa siku ileile ikapelekwa kwa wayeyusha chuma, maana gereji ya Fundi haikulaza injini mbovu.

Kuanzia hapo kila akifunga kliniki, Meno alikuwa gereji, mikono ya shati imekunjwa, anashika taa vibaya. Asipokuwepo, anapiga simu.

"Umekula, Fundi wangu?"

"Nina kebo mdomoni."

"Ukivunja jino nitaling'oa mwenyewe."

"Ng'oa. Ndiyo njia pekee ya kunishika taya."

"Nina njia nyingine. Nikupe mfano?"

"Kwenye simu? Acha uchokozi, nina umeme mkononi!"

Siku mota ilipozunguka kwa mara ya kwanza Meno alimbusu Fundi juu ya boneti, akamwambia kiti cha pili ni chake. "Nakupeleka kwa mama. Si kwa salamu tu, mpenzi. Nakupeleka nikiwa na neno."

Fundi alivaa gauni la manjano lililomkaa, viatu vya kisigino, hereni. Alisugua kucha zake kwa limau mpaka zikawa za mtu mwingine. Gari lilitoka gereji likateleza barabarani bila kusikika, watu wakigeuka linapowapita.

"Halina sauti hata kidogo," Meno alisema, na uso wake ukabadilika.

"Ndiyo raha yake," Fundi alijibu. Alidhani anasifiwa.

Mama alikuwa barazani, nywele zimechanwa vizuri, mikono magotini. Hakuinuka mpaka gari liliposimama mbele yake. Alimtazama mwanawe.

"Siku hizi unaingia kimya kimya?" alisema.

"Mama, ni mimi."

"Nilikuwa nakusikia tangu kona ile. Mtaa mzima ulikuwa unakusikia, mume wangu anarudi. Leo umenyamazisha gari nisisikie." Macho yakahamia kwa Fundi, yakashuka na gauni mpaka kwenye viatu. "Kumbe una mtu. Na umemvika manjano."

Akakaa chini akalia, mama wa watu, kilio cha mke mchanga aliyesalitiwa. Meno alimrudisha Fundi kwa teksi.

Baada ya hapo simu za Fundi ziliita bure. Fundi aliamini ameelewa: mikono ya grisi imemwaibisha daktari. Alimtukana akiwa chini ya magari ya watu, akamlilia akiwa humohumo. Meno aliposimama mlangoni mwa gereji, macho mekundu, Fundi hakumpa hata kiti.

"Mama anasahau," Meno alisema. "Miaka sasa. Gari lilikuwa linanguruma, akilisikia kwenye kona anainuka, anabadilisha nguo, ananipokea mkoba. Ananiona baba. Tunakula, analala. Injini ilipokufa akaacha kula."

"Kwa nini hukuniambia? Mota haingurumi! Ningekwambia siku ya kwanza!"

"Ningekuambiaje kwamba mama yangu ananiita mume wake? Nilikuwa nakutongoza, Fundi. Nikajidanganya kwamba akiliona tu inatosha."

Hasira ilimwisha Fundi kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Alimkumbatia na grisi zake zote, shati likaharibika, na hakuna aliyejali.

Walijaribu. Fundi alifunga spika mbele ya gari, ikanguruma mlio wa gari la namna ile. Mama akasema sasa mumewe anamfanyia na maigizo. Meno alimweleza ukweli kwa upole. Akaelewa, akaomba radhi, akaamka asubuhi maelezo yote yamefutika, kilichobaki ni mwanamke wa manjano. Sahani ilirudi jikoni kama ilivyokwenda.

"Nitaliuza," Meno alisema.

"Atasema umenihonga mimi."

"Basi nikuoe, tuhame."

"Na yeye?"

Meno aligeukia njia ya kwa mama yake, na Fundi alimpenda kwa hilo. Alijua tayari la kufanya.

Fundi alikwenda huko kwa miguu, amevaa sketi ya kawaida. Meno alikuwa jikoni anakoroga uji. Mama alimtambua mara moja.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Mimi si mama yako. Mimi ni mke wake."

"Samahani, dada. Nimekuja kukurudishia. Sitampigia simu, sitapanda gari lake. Ni wako."

Meno alitokea mlangoni, mwiko mkononi. "Fundi, usi—"

"Nyamaza wewe!" walimwambia wote wawili.

Mama aligeuka tena. "Ulimpenda?"

"Nampenda."

"Mpaka sasa?"

"Mpaka sasa, dada."

Mama alisogea pembeni ya kochi, akaupigapiga mto ili Fundi aketi. "Pole, mdogo wangu. Anapendeka yule, namjua. Sikulaumu." Akamfuta machozi kwa kiganja, kisha akainua sauti kwa Meno. "Na wewe, huo uji unangoja nini?"

Alikula bakuli zima. Alipomaliza aliruhusu mgeni asindikizwe mpaka getini, asivushwe hapo.

"Labda atakusahau," Meno alinong'ona, ameshika nondo za geti.

"Labda. Au atasahau kwamba nimeomba radhi."

Wiki iliyofuata simu ya gereji iliita, Fundi akiwa chini ya gari.

"Anakutaja tena," Meno alisema.

"Amekula?"

"Tangu jana hajatia kitu mdomoni."

"Mwambie nakuja."

Akatoka uvunguni, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akavaa ile sketi, akaenda kumwacha Meno tena.