Sarafu Haioshwi

Kovu la goti la kulia ndilo lililotoweka kwanza.

Mama mtoto aligundua akimwogesha binti yao. "Baba yake," aliita, "lile kovu la kuanguka na baiskeli liko wapi?"

Fundi saa alikuwa chumba cha mbele, lenzi jichoni. "Makovu hupona," alijibu bila kugeuka.

"Yanapona goti likabaki kama yai?"

Aliinamia meza tena. Mbele yake, juu ya kitambaa, ilikuwa sarafu aliyoiosha siku iliyotangulia.

Wakusanyaji wa sarafu wana mwiko mmoja: sarafu ya kale haioshwi. Ule weusi unaoishika kwa miaka ndio ngozi yake. Ukiusugua, unaondoka na nyusi za mfalme, mikunjo ya uso, herufi. Fundi aliwahubiria wenzake jambo hilo mpaka wakamchoka. Lakini hii ilikuwa nyeusi tii, ina uso uliofumba macho, na maandishi yaliyouzunguka yalimnyima usingizi. Akailowesha kwenye maji ya limau, akaisugua kwa mswaki wa zamani wa binti yake. Maandishi hayakusomeka. Ila uso ulipong'aa, macho yalikuwa wazi.

Alimpelekea kinyozi, mkusanyaji mwenzake. Kinyozi aliigeuza, akasonya. "Umeichuna, ndugu yangu. Wewe nikikuachia kichwa cha mteja utanyoa mpaka ubongo." Kisha akainusa, na mzaha ukamwisha. "Irudishe ulikoitoa."

"Aliyeniuzia alikuwa mpita njia tu."

"Basi usilale nayo nyumba moja."

Alikuwa ameshalala nayo.

Mchana ule, chumbani kwa mtoto, ulianza mlio wa sarafu inayozungushwa mezani. Ulizunguka, ukazunguka, haukufika ule mwisho wa kuyumba na kuanguka. Fundi aliposukuma mlango, ulikoma. Binti alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani. Chumba kilinuka limau.

"Unacheza na nini, mama?"

"Sichezi, baba. Nasuguliwa."

"Na nani?"

"Yule uliyemwamsha."

Zikaenda nyusi. Ikaenda mistari ya viganja. Kikaenda kidoti cha shavu la kushoto, alichorithi kwa mama yake, mahali palepale. Fundi akaipaka sarafu masizi, yakateleza, akaizika kwenye tope nyuma ya bafu, akaikuta mezani ikimeta, akaifunika kwa grisi ya mashine, akaivukiza moshi wa matairi, akaitemea, akaililia, na kila alipoifuta machozi ilizidi kung'aa, na kila ilipozidi kung'aa sura ya mwanawe ilizidi kulainika, hata mama mtoto akawa anamshika kidevu na kumwambia kwa kunong'ona, "Nitazame, mwanangu, nitazame nikukumbuke."

Kinyozi ndiye aliyemleta mganga, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Aliitazama sarafu bila kuigusa.

"Waliomfungia humu walimvika uchafu kwa makusudi," alisema. "Mafuta, moshi, jasho la mikono. Umemvua. Naye anamvua wako."

"Nimvike nini? Nimejaribu kila kitu."

"Mkono. Mkono uliomvua. Ukishaufumba, usiufumbue."

"Mpaka lini?"

Mganga alianza kukunjua kitambaa cheusi. Fundi akatoa mkono wake wa kulia, ule wa kazi.

Alisomewa, ubani ukafuka, sarafu ikawekwa kiganjani, ngumi ikafungwa kwa kile kitambaa. Sarafu iliunguza kama kaa la moto. Chumbani binti alipiga ukelele mmoja, kisha kukawa kimya, na harufu ya limau ikatoka nyumbani.

Saa hazitengenezwi kwa mkono mmoja. Fundi alifunga kazi, akawa analishwa na mkewe, na hakulalamika, kwa sababu nyusi za mwanawe zilikuwa zinaota.

Asubuhi moja mama mtoto alimwita uani. Alikuwa amekaa juani na binti, bega kwa bega, anacheka kwa mara ya kwanza tangu balaa lianze. "Njoo uone. Kidoti kimerudi."

Fundi alitazama. Cha mama kilikuwa shavu la kushoto. Cha mtoto kilikuwa shavu la kulia. Akashusha macho kwenye magoti. Kovu lilikuwa goti la kushoto.

Alikuwa amekusanya sarafu maisha yake yote. Alijua kwamba chapa ikigandamizwa, kushoto kwake huwa kulia.

"Si amependeza?" mama mtoto aliuliza.

Fundi aliitazama ngumi yake. Ndani ya ngumi, chini ya kitambaa cheusi, kitu kilikuwa kinamkwaruza kiganja, kidogokidogo, kama ukucha wa mtoto.

Binti alimtazama moja kwa moja. Hakupepesa.

"Usiufumbue, baba," alisema.

Fundi akainua ngumi mpaka sikioni. Mle ndani, kwa mbali, mtu alikuwa anamwita kwa jina hilohilo: baba.