Jibu Lililozimikia Njiani

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake asubuhi ile ni kidole gumba. Kilikuwa na kishimo chekundu katikati.

"Ni waya wa chaja," akaniambia, maana aliona ninavyokitazama. "Tundu la simu limelegea. Nisipoubana hivi, chaji haiingii."

Nikainamia cherehani yangu ya kushonea viti vya magari. Mjomba, fundi umeme wa magari, akacheka akiwa uvunguni mwa lori.

"Taratibu, huyo usingoje akujibu. Unadhani kwa nini tunamwita Sindano? Anapita kwenye ngozi bila kelele."

Yeye, mteja wetu wa siku nyingi, tulimwita Taratibu kwa sababu ya mwendo wa lori lake. Mjomba alisema hata mbuzi humpita.

Alitaka tumfungie chaja isiyo na waya, ile ya kulazia simu juu yake, ndani ya kisanduku cha katikati ya viti. Umeme ulikuwa kazi ya mjomba. Mimi nilikata sponji kwa umbo la simu yake ili isiteleze akifunga breki, nikaacha katikati wazi pale chaja ilipo. Pembeni nikashona ngozi kwa uzi mwekundu, ingawa hakuniomba.

Mjomba alipotoka kununua fyuzi, Taratibu akakaa kwenye ngazi ya lori.

"Sindano, mama amenitafutia mchumba."

"Hongera," nikasema.

"Sijaja kuchukua hongera. Safari hii napita nyumbani, na mama anangoja jibu. Mimi nangoja lako. Ukinitaka, nitamwambia nina mtu."

Nikavuta uzi mpaka ukakatika.

"Najua uso kwa uso kwako ni mtihani," akasema. "Basi nipigie nikiwa njiani. Ukishindwa, andika. Hata neno moja."

Mjomba akarudi. Akaweka fyuzi, akavua kava la simu yake mwenyewe, akailaza juu ya chaja. Ikaanza kula chaji.

"Tujaribu na yangu," akasema Taratibu.

"Yako umeibana tangu asubuhi, imejaa. Aliyeshiba unamlisha tena? Nenda zako."

Nilikuwa nimeona kava la simu ya Taratibu limevimba kidogo mgongoni. Nilitaka kuuliza kuna nini ndani. Nikaona aibu, fundi si mimi. Lori likaondoka.

Kesho yake nikampigia. Haipatikani. Nikajaribu tena mchana. Haipatikani. Nikaandika herufi mojamoja, maana shule niliiacha njiani: "Ndiyo. Mwambie mama una mtu."

Tiki moja. Kesho yake bado tiki moja. Dada akachungulia begani kwangu.

"Si mlimfungia chaja mpya? Sasa simu inazimika vipi? Huyo amekuzuia, mdogo wangu."

"Labda mtandao."

"Barabara nzima haina mtandao? Futa hiyo kabla mchumba wake hajaisoma wakakucheka wawili."

Nikaifuta.

Wiki iliyofuata lori likaingia gereji. Taratibu hakuleta utani.

"Mjomba, chaja yenu ni pambo. Taa inapepesa tu, simu inakufa."

Mjomba akapima waya, akapima fyuzi. "Umeme upo. Mimi hapa sielewi."

"Nipe simu," nikasema. Wote wawili wakageuka kunitazama.

Nikavua kava. Ndani kulikuwa kumebandikwa kibati cheusi, chembamba kama kucha.

"Hiki ni cha nini?"

"Cha kunasia simu kwenye sumaku ya dashibodi. Nilishakisahau."

Nikakibandua, nikailaza simu kwenye kitanda chake cha sponji. Ikachaji hapohapo.

"Kumbe siku zote unachaji bati, simu haipati kitu," akasema mjomba, akaenda kunawa mikono huku akitikisa kichwa.

Tukabaki wawili.

"Njiani nilitegemea chaja yenu, nikafika nyumbani simu maiti," akasema Taratibu. "Nikaibana kwenye waya, mama kakaa mbele yangu. Ilipowaka, nikakuta jina lako, na chini yake: ujumbe huu umefutwa. Nikajua umeandika hapana, kisha ukanionea huruma."

"Mama ukamjibu nini?"

"Nilikubali. Wazee wameshaonana. Ndoa mwezi ujao."

Nikaokota vipande vya sponji ambavyo havikuwa vya kuokotwa.

"Ni mtu mwema?"

"Mwema. Kila jioni nikiibana simu kwenye waya, nakuta ananiuliza kama nimekula." Akanigeukia. "Sindano, uliandika nini?"

Simu ikawaka mbele yetu. "Umefika salama?" Ni yule mchumba wake. Nikamwaza amekaa mahali fulani, simu mkononi, anangoja tiki ya pili. Mtoto wa watu kosa lake nini?

"Nilikuuliza kama chaja inafanya kazi," nikasema.

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Akanitazama kwa muda, kama anayenipa nafasi. Sikuichukua. Akapanda, akawasha lori, akatoka getini polepole kuliko siku zote. Nilisimama nikiwa na kava lake tupu mkononi, na hakurudi kulifuata.

Haikuwa hilo tu. Nilitaka kuwa mke wako, Taratibu.