Aliyekosa Somo la Nne

Saa 2:10 asubuhi.

Mpango uliwekwa mezani nyuma ya bucha moja ya Naro Moru, penye harufu ya mafuta ya kondoo. Kingori aligawa ukurasa kwa mstari. Kushoto: Mapato. Kulia: Matumizi. Alikuwa amehudhuria masomo matatu ya kusimamia pesa, yale wanayofundishwa waliotoka jela, na elimu ni elimu.

"Mapato, laki tatu," alisema. "Matumizi, petroli mia nne. Panga tuko nayo."

"Na chakula?" aliuliza Wahome, mwenye pikipiki.

"Chakula ni anasa."

Mwai hakucheka. Sanduku la kikundi chao cha akiba, cha waliotoka jela, lilikuwa na kufuli tatu, na ufunguo mmoja ulikuwa shingoni mwake. Sanduku lenyewe aliliunda yeye, kwa ufundi wa kuchomelea aliojifunza gerezani. Chuma kinene, rangi ya manjano.

"Wakishafunga sanduku, unatundika jaketi dirishani," Kingori alisema. "Saa nne na nusu tunaingia. Jaketi iwe, isiwe."

"Na nikikataa?"

"Binti yako Shiro anasoma hapo karibu na posta, sindio?" Kingori alitabasamu. "Nilikulinda miaka minne huko ndani, buda. Usinisahau haraka hivyo."

Saa 4:05.

Ukumbi wa kanisa. Watu ishirini na wanane, waliofungwa jumla ya miaka mia moja na tisini, waliketi wima kama watoto wanaongoja kipaimara. Akiba zilikuwa mezani, wazi, zikihesabiwa kwa sauti.

Kingori aliamini pesa hurundikana sandukuni. Aliacha kuja kabla ya somo la nne, ambalo Mwalimu Waithira alilifundisha huku akigonga meza: pesa hailali. Kila wiki akiba huingia na kutoka papo hapo, yote, kwa mikopo. Kinachofungiwa ni vitabu tu.

Mwai alilijua hilo, na hakumwambia Kingori. Leo jina lake lilikuwa la mwisho kwenye orodha. Elfu thelathini na nane, mashine ya kuchomelea. Kingori akizikuta pesa mezani, mashine imekwenda, na wa kwanza kuulizwa ni mwenye ufunguo. Kisha jela tena.

Ilibidi pesa zitoke kabla ya saa nne na nusu.

Saa 4:14.

Mzee Gikonyo akasimama. Aliwahi kuiba mbuzi kumi na mmoja kabla ya mapambazuko, lakini kumaliza sentensi kulimshinda.

"Mwalimu, hiyo faini ya ishirini siitaki. Sikuchelewa. Saa ya kanisa ndiyo iko mbele. Tena kutoka Gakindu mpaka hapa, ati unajua..."

Saa 4:19 alikuwa bado Gakindu, akieleza kahawa.

"Mimi nitamlipia!" Mwai aliruka.

Vichwa vyote viligeuka. Hakuna aliyewahi kumlipia mwenzake faini.

"Na haki yangu?" Gikonyo aliuliza.

"Mzee, haki utapata wiki ijayo. Kaa, tafadhali."

Saa 4:22.

Mikopo. Rehana wa mandazi. Nderitu wa kuku. Kila mmoja alisimama, akaeleza, akapigiwa kura ya mikono. Simu ya Mwai ilitetema: *Jaketi?* Akajibu: *Bado.*

Saa 4:27.

"Mwai," aliita Mwalimu.

Mikono ikapanda. Kanuni ni kwamba muuzaji hulipwa moja kwa moja. Dawud, mfanyabiashara wa mjini Nyeri, alikuwa mlangoni na mashine miguuni pake. Alihesabu noti. Akalamba kidole. Akahesabu tena.

"Dawud, nakuomba."

"Pesa haina haraka, ndugu yangu."

Saa 4:29 Dawud aliwasha pikapu yake akaondoka. Vitabu na shilingi ishirini za faini viliingia sandukuni. Kufuli tatu. Mwai akatundika jaketi.

Saa 4:30.

Mlango. Panga. Sura mbili ndani ya soksi. Watu wote walilala kifudifudi kwa ustadi wa wazoefu. Kingori aliinua sanduku, akauhisi uzito wa chuma, akaridhika. Pikipiki ikanguruma.

Waithira aliwapigia polisi. Kisha akafungua kitabu kipya, na kila mmoja akataja akiba yake kwa kichwa, kama walivyozoezwa.

Saa 5:04.

Simu ya Mwai ililia. Aliiweka sikioni.

"Umenichoma, Mwai! Vitabu! Vitabu na shilingi ishirini!"

"Ulikosa somo la nne."

Nusu saa ya nyundo juu ya chuma, siku ya soko, nyuma ya bucha. Mji mzima ulikuwa umesikia. Sauti nyingine ikaingia kwenye simu: "Weka nyundo chini! Wote wawili!"

"Nitatoka, buda," Kingori alisema. Simu ikakatika.

Ukumbi mzima ulimtazama. Waithira, aliyemwona akilitundika, alilitoa jaketi dirishani, akaliweka magotini pake.

"Tuambie."

Mwai aliwaambia yote. Bucha, jaketi, Shiro.

"Hilo tutalipigia kura," Waithira alisema. "Na mtu aende akamchukue mtoto shuleni. Lakini simu kikaoni ni shilingi ishirini."

Mwai alipapasa mifuko. Tupu. Alibaki na ufunguo wa shingoni tu.

Gikonyo akasimama polepole.

"Mimi nitamlipia," alisema. "Lakini kwanza, Mwalimu, niseme kidogo kuhusu ile saa ya kanisa."