Kimeo cha Agnesi

Kila asubuhi mwenyekiti wa kijiji aligonga kipande cha reli, na watu wakashika majembe kwenda shamba la ujamaa. Yunis alikuwa miongoni mwao. Binti yake Agnesi, wa miaka kumi na mmoja, alibaki kuchota maji kabla ya kwenda shule. Alikuwa mtoto wa kuimba: debe kichwani, wimbo mdomoni.

Ulikuwa mwaka 1975. Familia hii ilikuwa imeshushwa na serikali kutoka milimani ikapewa kiwanja upande wa Rudewa. Kule milimani jirani alikaa mbali. Hapa nyumba zilipangwa mstari, na watoto walilala wamebanana chumba kimoja. Akikohoa mmoja, wanakohoa wote.

Mwezi wa nne Agnesi akaumwa koo. Hata uji haukupita. Bibi yake, Katarina, mama wa baba yake, akamwambia apanue kinywa.

"Kimeo kimeshuka," akasema. "Mpelekeni kwa Kasiani akikate."

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Mzee Kasiani alikikata kwa kisu kilekile alichowakatia watoto wote wa kijiji. Agnesi alitema damu siku mbili. Siku ya tano koo likapoa lenyewe, na Kasiani akapata sifa ya bure.

Wiki tatu baadaye goti la Agnesi likavimba. Siku chache tu, goti likapona, kiwiko kikavimba. Halafu kifundo cha mguu.

"Maumivu gani haya yanayohama?" akasema baba yake, Hezekia. "Hapa kuna mkono wa mtu."

Mwezi mzima ukapotea wakimtafuta mchawi. Agnesi akaacha kuimba. Alitua debe mara tatu njiani, akihema. Hapo Yunis akachoka na habari za wachawi, akamshika mwanawe mkono wakaenda zahanati.

Muuguzi aliitwa Verdiana, mama mtu mzima aliyetokea Kidodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama Agnesi. Ana nini mtoto?"

Yunis alieleza yote. Verdiana akamsikiliza mtoto moyo kwa mpira wake wa masikioni. Akausikiliza mara ya pili, uso ukabadilika.

"Unamkumbuka mbwa wa Donati?" akauliza.

Nani asingemkumbuka? Mgambo walikuwa wakisaka nguruwe mwitu kwenye mahindi ya ujamaa. Walipomaliza kuwaua, bado wamepandwa na hasira, wakaona kitu cha kijivu kama nguruwe kwenye majani. Wakakichoma mkuki. Kumbe ni mbwa wa Donati, mbwa aliyekuwa akiwinda pamoja nao.

"Mwilini mna askari pia," Verdiana akasema. "Vijidudu vilipoingia kooni, askari walivijua sura, wakavipiga. Lakini moyo na viungo vina sehemu zinazofanana na vijidudu hivyo. Vijidudu vimekwisha, askari bado wanapiga. Leo goti, kesho kiwiko. Viungo hupona. Moyo hubaki na makovu."

"Yaani mwili wake mwenyewe ndio unaompiga?"

"Ndiyo. Hakuna aliyemroga. Yako maradhi mengine ya mwili kujipiga, na mengi hatujui yanaanzaje. Hili tunajua. Linaanzia kooni."

"Na kimeo?"

"Kimeo hakina kosa, mama. Kukikata hakuui vijidudu, kunaleta damu na usaha tu. Angepata sindano ya penisilini mapema, vita hii huenda isingeanza."

Yunis alilia palepale, mbele ya watu.

Agnesi alilazwa hospitali Kilosa mwezi mmoja. Alirudi na kadi ya sindano.

"Kila mwezi achomwe," Verdiana akasisitiza. "Miaka mingi, hata akiwa mzima. Koo likiuma tena, askari wataurudia moyo."

Alichomwa mara tatu. Kisha yakaja mavuno, na Agnesi alikuwa akiimba tena. Yunis akajiambia, mtoto amepona, sindano ya nini? Sindano ya nne wakaipitisha. Ya tano wakaipitisha.

Mwezi uleule koo likarudi. Wiki chache baadaye miguu ikavimba, na Agnesi akawa analala ameketi ili apate pumzi. Walimzika kabla ya Krismasi. Hezekia hakutaja mchawi tena. Alichimba kaburi mwenyewe, wala hakumruhusu mtu kumpokea jembe.

Masika yalipofika, Danieli, mdogo wake Agnesi, akaamka analia koo. Alikuwa na miaka minane. Katarina akamtazama kinywani.

"Kimeo," akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu kama zamani.

"Mama, nakuheshimu," Yunis akajibu. "Lakini cha Agnesi tulikikata."

Katarina alichukua khanga yake akamfunika mjukuu kichwa, maana nje kulikuwa na manyunyu. Wote watatu wakaenda zahanati. Danieli alichomwa sindano siku hiyohiyo, akapiga kelele hadi ng'ombe wa Parit, mfugaji wa jirani, wakashtuka. Goti lake halikuvimba.

Tangu hapo Katarina ndiye anayepita nyumba hadi nyumba. Akisikia mtoto anaumwa koo, hamwachii mama yake nafasi ya kunywa chai. Kasiani amebaki na kisu chake, anachongea mipini.

Yunis alijiandikisha elimu ya watu wazima. Alipojua kusoma, alitoa kadi ya Agnesi sandukuni, akaisoma taratibu mbele ya wanawake wenzake. Vyumba vitatu vya sindano vina alama. Vilivyobaki ni vyeupe.

Mwaka huu Danieli ametimiza miaka kumi na mmoja. Mwakani, Mungu akijalia, atakuwa mkubwa kuliko dada yake.