Kipande cha Dama

"Hiki nacho cha nani?" Dama aliuliza.

Katana hakuondoa vidole kwenye piano. Kanisa lilikuwa tupu, wameketi wawili benchi moja, na wazee wa Katana walikuwa waende kumposa Dama Jumamosi hiyo.

Tangu lori liwaue wenzake wa bendi pale Kongowea, wakitoka kupiga harusini, Katana alikuwa akitunga mfululizo wa vipande vya piano vya kuwakumbuka, kila rafiki na chake. Cha Menza kilikwenda mbio, maana Menza hakujua kutembea polepole. Cha Lewa kilichekacheka. Cha Ishaka kilijivuta hadi kikakera, kama mwenyewe. Dama alivililia vyote, akavisifu, akasubiri. Ukimpenda mtu unasubiri, hata ukijiona mjinga.

Lakini waliokufa walikuwa watatu, na hiki kilikuwa cha nne.

"Ni chako," Katana akasema. "Haki ya Mungu, nimekitunga kwa mapenzi."

"Changu? Kwenye matanga ya watu?"

"Nimekuweka pamoja na niwapendao."

"Uwapendao wote wako kaburini, Katana! Mimi niko hapa. Nimekuletea wali, hata hujaufunua."

"Siku ile nilikuwa niende nao. Wewe ndiwe uliyenizuia."

"Nilikuwa na homa, nikakuomba ubaki. Ungekufa!"

"Sikukuomba uniokoe, Dama."

Aliyasema taratibu, bila hasira, na hapo ndipo Dama alipokata tamaa. Hasira ingepoa.

"Kwa hivyo kila ukinitazama unaliona lori?"

Katana alianza kukipiga tena kile kipande. Kilikuwa kizuri kuliko vyote, na uzuri wake ndio uliomchoma Dama. Hakuwahi kupendwa vile maishani mwake, ila aliyependwa mle alikuwa marehemu.

"Acha, Katana. Nakuomba."

Hakuacha. Dama akatoka nje, akampigia shangazi yake Kafedha, aliye Likoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Huku tushajiandaa, Jumamosi ni vigelegele tu!"

"Waambie wazee wa Katana wasije."

"Wee! Amekupiga?"

"La."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Afadhali angekuwa naye."

"Sasa amekufanyia nini, Dama?"

Piano ilisikika hadi barabarani. Dama akajifuta machozi kwa kiganja.

"Ananiomboleza, shangazi. Na mimi ni mzima."