Kimya cha Dakika Moja Ndani ya Nyambizi

Fundi wa sauti alisikia ukuta ukigongwa mara tatu kutoka ndani. Akavua hedifoni, akachungulia nyuma ya mbao. Hapakuwa na mtu.

Jeshi lilikuwa limewanyima wapiga filamu hao kila kitu: nyambizi, sare, hata ruhusa ya kupiga picha langoni. Mwongozaji wa filamu, kaka yake fundi wa tumbo moja, si mtu wa kukatishwa tamaa na barua. Alijenga nyambizi ya mbao ndani ya ghala, akaipaka rangi ya chuma. Kitu halisi kilikuwa kimoja tu, mlango mzito wa duara alioutoa kwenye vyuma chakavu, wa nyambizi iliyozama na watu wake. Tangu ufungwe pale, mbao zilinuka maji ya chumvi. Mwigizaji wa nahodha alikimbia akidai anapumuliwa shingoni, ikabidi kaka mwenyewe avae kofia ya nahodha.

"Kaka, turudishe huu mlango," fundi alinong'ona.

"Acha woga, mdogo wangu. Nirekodie kimya cha humo ndani, dakika moja tu, halafu twende kwa mama tukale."

Ndivyo kazi ilivyo: kila chumba kina kimya chake, na lazima kirekodiwe. Fundi akavaa hedifoni, akaingia, kaka akafunga kwa nje. Ilikuwa mchana kweupe.

Walichosahau wote wawili ni maiki ndogo, bado imebanwa kolani mwa kaka, nahodha wa filamu. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Nimekuletea ninayempenda kuliko vyote," sauti ya kaka ilisema kwenye hedifoni. "Mchukue. Uniachie filamu yangu."

Fundi alisukuma mlango, akaugonga, akaita kaka, kaka, kama alivyokuwa akiita utotoni akiogopa giza, na kule nje akisikia pumzi za kaka yake zikitulia, na humu ndani maji baridi yakimpanda magotini ingawa sakafu ilikuwa kavu, na kitu kinachonuka kutu kikainama hadi sikioni pake.

"Nilimwambia alete anachokipenda kuliko vyote," kikasema taratibu, bila hasira. "Mbona ameniletea wewe?"

Mlango ukafunguka wenyewe.

Kaka alikuwa amepiga magoti mbele ya kamera. Picha zote, tangu siku ya kwanza, zilikuwa maji meusi. Alikuwa akilia kwa sauti. Hata msibani kwa baba yao hakulia hivyo.

"Imekwenda, mdogo wangu! Yote imekwenda!"

Fundi alimsogelea. Alimvua ile maiki kolani, polepole, akaitia mfukoni.

"Nimekusikia," akasema, akaondoka kwenda kwa mama peke yake.

Nyuma yake kaka aliupiga mlango ngumi, akiomba arudishiwe filamu. Mlango ukamjibu, mara tatu.